Valvu zinawaka, sauti haitoki: jinsi ya kuifuata sauti ndani ya amplifaya ya gitaa

Umewasha amplifaya. Taa ndogo ya mbele imewaka, valvu za nyuma zinatoa ule mwanga wao wa rangi ya chungwa, gitaa limechomekwa, volyumu iko nusu. Unapiga nyuzi, na kinachotoka ni kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Au hakitoki kitu kabisa.

Hapo watu wengi hukimbilia kusema "valvu zimekufa". Mara nyingine ni kweli. Lakini ukiishi pwani, kwa mfano Pangani, ambako bahari na mto vinakutana mlangoni pa mji, nakuomba usubiri kidogo kabla ya kutoa hela. Valvu ni ghali, dukani Tanga huzikuti kwa urahisi, na tatizo lenyewe mara nyingi liko kwenye kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Leo nataka tuifuate sauti hatua kwa hatua tangu kwenye uzi wa gitaa hadi kwenye spika, ili ujue ilipopotelea. Hata kama hujawahi kushika gitaa, kaa nasi, kwa sababu ndani ya sanduku hili kuna fizikia ya kidato cha nne ambayo wengi tuliikariri bila kuiona ikifanya kazi.

Onyo moja kabla hatujaenda popote: mengi ya vipimo vya mwanzo utavifanya bila kufungua skrubu hata moja. Ukifika pa kufungua nitakuambia, na hapo utakuta kuna umeme unaoweza kuua hata kama plagi iko mkononi mwako.

Valvu inafanya nini hasa?

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Katikati kuna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme mdogo, kwa kawaida volti 6.3, na huo ndio mwanga unaouona. Waya huo unakipasha moto kijibomba cha chuma kiitwacho kathodi. Kathodi ikipata moto wa kutosha, elektroni zinaanza kuchomoka kwenye uso wake. Pembeni kuna bamba la chuma, anodi, lililowekewa volti chanya kubwa, mia mbili hadi mia nne na zaidi, nalo linazivuta elektroni hizo. Mpaka hapo tuna njia ya upande mmoja tu, ndicho kifaa alichokitengeneza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaingiza waya mwingine kati ya kathodi na anodi, yaani gridi, na mambo yakabadilika.

Fikiria kivuko cha Pangani kwenda Bweni. Umati umejaa upande huu, wote wanataka kuvuka. Mlinzi mmoja amesimama getini. Akilisukuma geti kidogo, wanapita wachache. Akilivuta kidogo, wanapita wengi. Nguvu ya mkono wake ni ndogo, lakini umati unaomtii ni mkubwa. Gridi ndiyo mlinzi. Kijimkondo dhaifu cha gitaa kinaligusa geti, na umati wa elektroni kati ya kathodi na anodi unacheza kwa mdundo uleule. Kwa hiyo valvu haikuzi sauti kwa maana ya kuivuta iwe kubwa. Inatengeneza nakala kubwa kwa kutumia umeme wa ukutani.

Sasa tuweke namba. Koili za sumaku zilizo chini ya nyuzi za gitaa hutoa kitu kama sehemu moja ya kumi ya volti. Valvu ndogo ya kwanza, mara nyingi ile iitwayo ECC83 (Wamarekani huiita 12AX7, ni ileile), huzidisha hiyo mara hamsini au zaidi. Baada ya hapo vitufe vya volyumu na toni vinakula sehemu kubwa ya ulichokipata, halafu valvu nyingine inarudisha. Mwishoni valvu kubwa zinaikabidhi kazi transfoma ya sauti, ambayo inazigeuza volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa. Amplifaya ya wati 30 inayoendesha spika ya omu 8 inatoa volti kama 15 na nusu na karibu ampia 2. Safari ni hiyo: uzi, koili, kebo, jeki, valvu ndogo, volyumu na toni, valvu ndogo tena, valvu kubwa, transfoma, spika. Ni mnyororo. Pete moja ikifa, zilizobaki zinakaa zinangoja.

Kwa wasomaji wa Tanga, hii si hadithi ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 amplifaya za gitaa duniani zilikuwa karibu zote za valvu, na miaka hiyo na iliyofuata mkoa huu ulikuwa unachemka. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walikuwa upande wa dansi. Upande wa taarabu, Black Star na Lucky Star waliliingiza gitaa la umeme na besi mahali ambapo wengine walizoea udi na fidla, na sauti ya Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki 2016, ikapita juu ya magitaa hayo. Transista ilizaliwa mwaka 1947 kwenye maabara za Bell huko Marekani, na baadaye ikazifukuza valvu kwenye redio na televisheni. Kwenye gitaa haikufanikiwa kuzifukuza kabisa. Valvu ikizidiwa haikati sauti ghafla, inaikunja taratibu, na sikio la binadamu linapenda hivyo. Mimi pia napenda, sitajifanya sina upande.

Usishuku amplifaya kwanza

Kitu kinachokufa mara nyingi kuliko vyote ni kebo. Inakanyagwa, inakunjwa, inavutwa. Badilisha kebo. Kisha badilisha gitaa, au angalau hakikisha volyumu ya gitaa lenyewe haiko sifuri, maana hili limewahi kuaibisha watu wazima mbele za watu. Toa vidude vyote vya efekti vilivyoko katikati, chomeka gitaa moja kwa moja. Tazama swichi ya nyuma au ya mbele iliyoandikwa "Standby": ikiwa imezimwa, valvu zitang'aa vizuri kabisa lakini zile volti kubwa hazifiki kwenye anodi, na utapiga hadi asubuhi bila jibu.

Kama hata taa ya mbele haiwaki, tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ileile. Ikiungua tena mara moja, acha, kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi na huyo ni wa fundi. Najua mtaani kuna desturi ya kuzungushia waya wa shaba au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwenye amplifaya ya valvu desturi hiyo inaunguza transfoma, na transfoma ndiyo sehemu ya gharama kuliko zote. Na kama amplifaya imeletwa zawadi na ndugu kutoka Marekani, soma nyuma kabla hujaichomeka: huko ukutani ni volti 120, kwetu 230.

Weka sikio kwenye spika

Sasa hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu hakigharimu kitu. Amplifaya imewaka, imepata dakika mbili za kupasha moto, gitaa halijachomekwa. Sogeza sikio karibu na spika, volyumu juu kidogo. Unasikia nini?

Amplifaya nzima haiwi kimya kabisa. Ina mvumo mdogo, "mmmm", unaotokana na umeme wa ukutani wa hezi 50, na ina "shhh" inayotokana na elektroni zenyewe kutembea ovyo ovyo. Ukisikia zote mbili, furahi. Maana yake spika ni nzima, transfoma ni nzima, valvu kubwa zinafanya kazi. Tatizo liko nyuma zaidi, karibu na gitaa.

Ukisikia kimya kama cha kaburi, tatizo liko upande wa spika au umeme mkubwa hauji. Zima, chomoa plagi ukutani, kisha chomoa waya wa spika kwenye amplifaya. Chukua betri ya kawaida ya volti 1.5, uiguse kwenye ncha mbili za waya wa spika kwa sekunde moja. Spika nzima itasema "tap" na karatasi yake itasogea. Ukiwa na mita, spika ya omu 8 itasoma kama 6 au 7, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu. Ikisoma hakuna njia, koili imekatika. Pwani kuna ugonjwa mwingine: koili haijakatika ila kutu imeibana ndani ya sumaku yake. Isukume karatasi kwa vidole vyote taratibu, ikikwaruza au ikikataa kusogea umempata.

Hapa nina sheria moja ambayo sitaki uivunje kwa sababu yoyote. Usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Transfoma ya sauti ikikosa pa kupeleka nguvu, volti upande wa valvu zinaweza kupanda mpaka zikatoboa kinga ya nyaya zake. Amplifaya nyingi za transista huvumilia jambo hili, za valvu hazivumilii.

Kama spika ni nzima na bado kimya, zitazame valvu bila kuzigusa. Zote ziwe na mwanga, hata kama hafifu. Juu au pembeni mwa kioo kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Doa hilo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo ni ya kutupa, haina mjadala. Na ukiona bamba lenyewe la ndani, si ule waya wa katikati, limeiva kwa wekundu, zima papo hapo.

Kwa nini valvu kubwa mara nyingi zinasingiziwa

Tuseme sauti ipo ila ni ndogo mno. Mtu atakuambia valvu kubwa zimechoka. Hebu tupige hesabu. Chukua amplifaya ya wati 30 yenye valvu nne za EL84 zinazofanya kazi kwa jozi. Mbili zikifa na nguvu ikabaki wati 15, sikio lako litasikia nini? Kupungua nguvu kwa nusu ni desibeli 3 tu. Utahisi imepungua, lakini hutasema imekufa. Ili sauti isikike kama nusu ya ilivyokuwa, nguvu lazima ishuke takriban mara kumi. Na ili ifikie kuwa mbu kwenye chupa, lazima ishuke mara mia na zaidi. Valvu zilizochoka hazifiki huko kwa siku moja. Huchoka polepole kwa miezi, na sauti inakuwa chafu kabla haijawa ndogo.

Hata umeme hafifu hautoshi kueleza jambo hili. Tunajua jioni za kwetu: badala ya 230 ukutani unakuta 180. (Kinachochekesha ni kwamba mto uleule unaopita Pangani ndio unaozungusha mitambo ya Hale, wa megawati 21 tangu 1964, na ule wa Pangani Falls, wa megawati 68 tangu 1995. Lakini ukaribu na mto haukuhakikishii volti.) Ukiwa na 180, volti kubwa ndani ya amplifaya zitashuka kwa uwiano huo, na nguvu inakwenda kwa kipeo cha pili cha volti: 180 gawa kwa 230, zidisha kwa yenyewe, unapata kama 0.61. Umebaki na asilimia 61 ya nguvu, yaani umepoteza desibeli 2 na ushee. Waya wa kupashia moto nao unapata volti 4.9 badala ya 6.3, nje ya kile valvu inachotaka, kwa hiyo kathodi inapoa na elektroni zinapungua. Sauti italegea, itakosa nguvu ya kusukuma kifua. Stabilaiza itasaidia. Ila umeme hafifu peke yake haugeuzi bendi kuwa mbu.

Kwa hiyo ukisikia sauti imeshuka ghafla na kwa kiasi kikubwa, huku "mmmm" na "shhh" zipo, fizikia inakuelekeza mbele ya valvu kubwa, kwenye ishara ndogo. Na pwani, ishara ndogo ina adui wake.

Chumvi

Upepo wa baharini hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu ya kila kitu: bati, kitasa, jeki ya amplifaya. Chumvi ya kawaida ina tabia moja ya kujua kwa namba. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, chembe ya chumvi inaanza kunyonya maji hewani mpaka inayeyuka yenyewe na kuwa tone. Pwani yetu unyevu unapita kiwango hicho usiku na alfajiri bila shida. Ndiyo maana kidau cha chumvi mezani kinaganda wakati wa masika. Sasa fikiria tone hilo likiwa kati ya metali mbili tofauti, tuseme nikeli na shaba nyeupe. Umetengeneza betri ndogo, na betri hiyo inafanya kazi kwa kuila metali moja. Kila usiku inakula kidogo, mchana inakauka, inaacha utando.

Utando huo ni mwembamba, pengine hata huuoni. Volti 230 zinautoboa bila kujua kama ulikuwepo. Lakini ishara ya gitaa ni sehemu ya kumi ya volti, haina nguvu ya kutoboa kitu. Ndiyo sababu amplifaya inaweza kuwaka vizuri, valvu zikang'aa, kila kitu kikaonekana kizima, na bado sauti isipite. Umeme mkubwa unapita kwenye kutu, ule mdogo unakwama.

Nitoe mfano niliouona. Ba mdogo wangu yuko Pangani na ana amplifaya ya aina hiyo, wati 30, valvu nne za EL84, si ya enzi za Jamhuri Jazz ila si ya jana pia. Inafanya kazi za harusi. Sauti ilishuka kati ya Jumapili moja na Ijumaa iliyofuata, na fundi mmoja akamwambia anunue valvu zote nne, hela ambayo bendi yao haiipati kwa usiku mmoja. Nilipomkuta alikuwa tayari anaulizia bei ya kuiuza kama ilivyo, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapenda transfoma kwa ajili ya shaba yake. Nikaweka sikio kwenye spika: mvumo upo, "shhh" ipo. Nyuma kulikuwa na matundu mawili yameandikwa "Send" na "Return".

"Ba mdogo, haya matundu umewahi kuyatumia?"

"Ya nini hayo? Tangu nimenunua sijayagusa."

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Matundu hayo ni ya kutoa sauti nje kwenda kwenye efekti na kuirudisha. Usipochomeka kitu, ndani ya tundu la kurudishia kuna ulimi mdogo wa chuma unaogusana na mwenzake ili sauti ipite moja kwa moja. Sauti yote ya amplifaya inapita kwenye mguso huo mmoja. Tundu la gitaa linajisafisha kila unapochomeka plagi, maana chuma kinasugua chuma. Tundu ambalo halitumiki halisuguliwi kamwe. Linakaa na chumvi yake miaka. Nikachukua kebo fupi, ncha moja "Send", ncha nyingine "Return", nikaupita ulimi ule. Sauti ikarudi yote.

Kipimo hicho kifanye kabla ya kingine chochote kama amplifaya yako ina matundu hayo. Kuisafisha si kazi: imezimwa na imechomolewa, chovya plagi safi kwenye spiriti ya kusafishia, ichomeke na kuichomoa mara ishirini hivi, acha ikauke kabisa, maana spiriti inashika moto, kisha rudia. Ikipatikana dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso ya umeme, bora zaidi. Usitumie msasa. Msasa unaondoa kile kifuniko chembamba cha nikeli, na ukishakiondoa, shaba iliyo chini italiwa haraka kuliko mwanzo. Mafuta ya kulainishia bawaba pia hapana, yanaacha utelezi unaokusanya vumbi na chumvi mpya.

Tabia hiyohiyo ya chumvi inazifuata pini za valvu kwenye soketi zake, vitufe vya volyumu (vikikwaruza unapovizungusha, wamo) na jeki ya spika. Amplifaya ikiwa imezimwa, imechomolewa na imepoa, chomoa valvu moja, irudishe, ichomoe, irudishe, mara kadhaa, ukiishika chini na kuivuta wima bila kuizungusha. Unasugua pini tu. Mara nyingi mtu husema alibadilisha valvu na sauti ikarudi, kumbe kilichoponya ni kule kuchomoa na kuchomeka.

Kama amplifaya haina matundu ya efekti, chukua penseli ya mbao. Amplifaya imewaka, volyumu juu kiasi, gonga kidogo kila valvu ndogo kwa ncha ya penseli ukianzia ile iliyo karibu na valvu kubwa, urudi kuelekea tundu la gitaa. Valvu ndogo huwa zinasikia mgongo, na mgongo huo utausikia kwenye spika, "tok, tok". Jinsi unavyorudi nyuma ndivyo mgongo unavyotakiwa kuongezeka, kwa sababu unapita kwenye ukuzaji mwingi zaidi. Ukifika valvu ambayo haisemi kitu, shuku hiyo au vipande vinavyoizunguka. Izime, ngoja ipoe, ibadilishane nafasi na nyingine yenye namba ileile. Ugonjwa ukihama na valvu, mgonjwa ni valvu. Ukibaki pale pale, mgonjwa yuko ndani.

Ndani

Hapa sasa ndipo nilipokuahidi. Kapasita kubwa za amplifaya ya valvu hutunza umeme ili kuulainisha. Kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojazwa hadi volti 450 ina nishati ya jouli 10. Inasikika ndogo, lakini inamwagika mkononi mwako kwa kufumba na kufumbua, na kama njia yake inapita kifuani inaweza kusimamisha moyo. Kuchomoa plagi hakuzimalizi. Amplifaya nyingine zina rezista ya kuzimwagia taratibu, na kama rezista hiyo ina omu 220,000, kapasita yetu inahitaji kama dakika mbili. Rezista hiyo ikiwa imekatika, au haikuwekwa kabisa, umeme unaweza kukaa humo masaa, hata siku.

Kwa hiyo, kama hujawahi kufanya kazi hii, mpelekee fundi wa redio za zamani, wapo bado, na umweleze uliyoyapata kwa mpangilio: mvumo upo au haupo, valvu ipi haikusema, ugonjwa ulihama au haukuhama. Utampunguzia nusu ya siku, na itakuwa vigumu kukuuzia valvu usizozihitaji. Kama unajua unachofanya: plagi imechomolewa, viatu miguuni, sakafu kavu, mtu mwingine yuko chumbani, mkono mmoja mfukoni. Mwaga kila kapasita kubwa kupitia rezista ya omu 10,000 yenye wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye waya wenye kinga, uishikilie sekunde kumi hivi, kisha hakikisha kwa mita. Bisibisi si ya kazi hiyo, cheche zake zinayeyusha ncha na kuiharibu kapasita.

Humo ndani wahalifu wa sauti ndogo ni wachache na wanajulikana. Kuna rezista ya omu 100,000 inayolisha anodi ya valvu ndogo. Ikikatika, anodi inakosa volti na hatua hiyo yote inanyamaza. Kuna kapasita ndogo ya elektroliti kwenye kathodi. Ikikauka kwa joto la miaka, ukuzaji wa valvu hiyo hupungua kwa karibu nusu, sauti inakuwa ndogo bila kuwa mbaya, na hivyo wengi hawaigundui. Kuna kapasita inayovusha sauti kutoka valvu moja kwenda nyingine. Mguu wake ukikatika, kinachopita ni sauti nyembamba isiyo na besi. Na kuna viungo vya risasi vilivyopasuka, hasa kwenye miguu ya soketi ambako valvu hupasha na kupoza kila siku. Kipande kimoja cha hivi kinagharimu kidogo kuliko chai na vitumbua. Kazi ni kukipata.

Ukishaiponya, iweke mbali na dirisha linalotazama bahari, na uifunike kwa kitambaa cha pamba badala ya nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Iwashe angalau mara moja kwa wiki kwa nusu saa, spika ikiwa imeungwa, hata kama hakuna wa kupiga gitaa. Joto la valvu lenyewe litakausha jeki na soketi. Na kila mwezi, chomeka na uchomoe plagi kwenye kila tundu, hasa yale usiyoyatumia.